Siku ya Poda na Kesho Yake

Ninyi wenzangu vijana wa chumba cha walimu mliniomba, siku ile mliponipa saa ya ukutani na kreti la limonadi, niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya kufundisha Kiingereza hapa Ruashi. Saa imeshasimama na limonadi iliisha siku ileile, kwa hiyo kilichobaki ni ahadi yangu. Juu ya vyeo na mishahara sitasema kitu, maana habari zenyewe ni fupi mno kwa karatasi nzuri kama hii. Nitaandika juu ya neno moja la Kiingereza, mpira mmoja wa kuchezea, na mama mmoja muuza samaki. Yeye mwenyewe ameniruhusu, ila kanionya nisitaje umri wake.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba mwenye suruali ya kuazima. Baba yangu alikuwa fundi wa reli aliyetoka kaskazini, upande wa Kabalo, na kwake yeye mtu kulipwa kwa kuongea lilikuwa jambo la kuchekesha. Préfet, yaani mkuu wa shule, alinipa darasa la sita la sekondari moja kwa moja, wale wanaojiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumalizia shule, akaniambia niwe mkali. Nikaandika ubaoni neno "result", nikageuka, nikauliza kwa sauti nzito maana yake ni nini.

"Résultat, Monsieur!" wakajibu wote pamoja.

Basi, somo likaisha. Nilikuwa nimeandaa saa nzima ya maelezo, nao wamelimaliza kwa pumzi moja. Hapa mjini kwetu hakuna mtoto asiyelijua neno hilo, kwa kuwa tangu azaliwe anawasikia kaka na dada zake wakililia na wakilishangilia. Nikabaki na chaki mkononi. Darasa likaanza kupiga kelele, na kelele ikapita kwenye ukuta mwembamba wa mbao uliotutenga na darasa la jirani.

Ndipo akaingia Madame Numbi kutoka huko. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa siku nyingi, mama mfupi wa blauzi iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Alinyoosha mkono kwa mwanafunzi wa nyuma, ambaye alidhani hakuna anayejua kwamba anaficha mpira chini ya dawati, mmoja wa ile inayofungwa kwa vipande vya chambre à air, tyubu ya gurudumu. Akauchukua, akaurusha ukutani kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. Mpira ukaruka, ukarudi, ukanipiga kifuani.

"Njo ile," akawaambia wanafunzi. "Result njo ile. Kile unatupa, kinaruka, kinakurudilia."

Halafu akawaeleza polepole. Neno hilo asili yake ni Kilatini, na kwa Kilatini lilikuwa na maana ya kuruka kurudi nyuma, kama kitu kilichogonga ukuta. Wafaransa wakalichukua wakapata "résultat", Waingereza nao wakalichukua kwa njia yao. Kwa Waingereza lilianza kama kitenzi, na baadaye sana ndipo likawa jina la kitu unachokipata mkononi. "Mbele lilikuwa kazi," akasema Madame Numbi, "nyuma njo likakuwa kartasi." Akanirudishia mpira mimi, si yule mwanafunzi, akaenda zake.

Baada ya masomo nilimfuata kumshukuru. Akaniazima kamusi yake kubwa, ile inayoeleza kila neno limetoka wapi, na hakuidai tena. Ilianzia herufi D. A, B na C zilikuwa zimeliwa na mchwa kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo ninyi mlionicheka kwamba najua sana maneno ya mwisho wa alfabeti kuliko ya mwanzo, sasa mnajua sababu. Inspekta mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya darasa asili ya neno "consequence", nikamjibu kwamba hilo liko kwa mchwa. Aliandika kitu, sikukiona.

Lakini somo kubwa la Madame Numbi halikuwa la kamusi. Lilikuwa la siku ya poda.

Ninyi mmekulia humu, mnaijua. Matokeo ya Examen d'État yakitoka, mji mzima unakuwa mweupe. Aliyepita anamwagiwa poda kichwani, kisha mama yake, kisha shangazi, kisha jirani aliyetoka tu kutupa takataka. Zamani tulikaa na redio sikioni tukisubiri jina. Siku hizi mtu anaandika namba yake ya mtihani kwenye simu, anatuma, na jibu linarudi. Chombo kimebadilika, poda ni ileile.

Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kukimbia mjini kutafuta habari za wanafunzi wangu. Madame Numbi akanishika mkono.

"Unaenda wapi? Siku ya poudre mwalimu iko anaikala kwake. Unaacha mulango wazi, unavaa shemizi ya zamani, unangojea. Bale banapita batakuya benyewe."

"Na wale ambao hawakupita, Madame?"

"Bale habatakuya. Njo juu ya ile, kesho yake, unanawa, unavaa viatu, unaenda kwabo. Usingoje bakuite."

"Nikifika niseme nini?"

"Usiseme kitu. Unaomba mayi ya kunywa, unaikala."

Nimefanya hivyo miaka yangu yote. Mke wangu Véronique aliniwekea shemizi hiyo, shati moja la siku hiyo tu, na hakuna siku aliyokubali nilivae kanisani. Siku ya kwanza tunacheka, siku ya pili natembea. Nyumba nyingine walinipa kiti na maji, nyingine walinipa maji tu. Kijana mmoja aliponiona akaruka ukuta wa nyuma, nami nikakaa na mama yake tukala karanga mpaka akachoka kujificha, akarudi, akakaa nasi. Mwaka uliofuata alipita. Leo anaendesha lori kubwa la njia ya Kipushi, na akiniona barabarani anapiga honi hadi watu wanadhani kuna ajali.

Nije sasa kwa Mama Adèle.

Katika miaka yangu ya mwisho nilipewa pia darasa la mchana la watahiniwa wanaojitegemea, wale tunaowaita autodidactes. Ni watu wazima: walinzi, mafundi wa kuchomelea, akina mama wa sokoni. Wanaingia darasani wakiwa wamechoka tayari, na dawati linawabana magoti. Mama Adèle alikuwa akiuza samaki wakavu wa Pweto, mji wa ziwani mpakani, katika soko la hapa Ruashi, na alipoingia, darasa lote lilijua ameingia kabla hajasema "bonjour". Alikaa mbele. Binti yake Grâce alikuwa darasa la sita shuleni kwetu asubuhi, kwa hiyo mwaka ule mama na mtoto walisomea mtihani mmoja, na nyumbani waligombania taa moja.

Siku nilipofika kwenye neno "result" nikafanya kama kawaida. Nikarusha mpira, ukarudi, nikaudaka. Miaka ile nilikuwa nimeshajifunza kudaka. Watu wazima wakacheka kama watoto. Mama Adèle hakucheka, alinyoosha kidole.

"Prof, na kama ukuta inaanguka?"

Wakacheka zaidi. Mimi nilimwangalia usoni nikaona hafanyi mzaha, nikamwambia tutaongea baada ya somo. Wengine walipotoka, akanieleza akiwa amesimama, mkoba wa samaki begani.

"Siye tulikuwa sixième kule Pweto. Tulisoma mwaka muzima, Prof. Examen ilibakia kidogo tu, vita ikafika. Tukavuka, tukaenda Zambie, kwa camp. Mi mpira nilitupa. Haikurudia."

Nikamtua mkoba begani. Akaendelea mwenyewe. Alikuwa amejaribu mtihani mara moja tangu arudi, hesabu zikamwangusha. Alitaka diploma ile aingie chuo cha ualimu, kwa sababu kule kambini aliwafundisha watoto chini ya hema na hajawahi kupenda kazi nyingine. Bila diploma, mlango wa chuo haufunguki.

"Njo mara ya mwisho hii," akasema. "Kama haitoke, naikala na samaki zangu, basi. Sitarudilia tena. Roho inachoka."

Hivyo nikajua anachokitafuta, na kusema kweli nilianza kukitafuta pamoja naye. Kiingereza hakikumpa shida, alikipata kambini kwa masikio. Ndiye aliyeniletea neno jingine. "Kule camp, kila réunion ya bakubwa ba camp banasemaka outcome, outcome. Iko sawa na result?" Tukafungua herufi O, ambayo mchwa hawakuifikia. Nikamwonyesha: ni maneno mawili yaliyoshikana, la kwanza nje, la pili kuja, yaani kile kilichotoka nje. Akapiga meza.

"Lakini ile iko matokeo tu! Kutoka, matokeo. Kumbe Baingereza banaongea kama siye!"

Nilikuwa nimefundisha maneno hayo mawili nusu ya maisha yangu bila kuliona hilo. Waingereza wana neno moja kwa kinachotoka na jingine kwa kinachoruka kurudi. Sisi hapa tunayabeba yote mawili kwa mara moja tunapopiga kelele barabarani, "Résultat inatoka!" Mama Adèle alifurahi kama aliyepata samaki mkubwa chini ya kapu, na nikaona wazi huyu ni mwalimu. Hesabu tu zilibaki, na hesabu alifundishwa na Grâce usiku, mtoto akimkaripia mama, jambo ambalo wote wawili walilipenda kuliko walivyokubali.

Wakafanya mtihani. Tukangoja. Siku ikafika.

Nilikaa uani na shati langu, mlango wazi. Karibu saa sita nikasikia vigelegele kutoka barabarani, likaingia kundi zima, Grâce katikati, mweupe kutoka nywele hadi viatu. Alikuwa amepita. Na pembeni yake Mama Adèle, mweupe kuliko binti yake, kitenge chote poda, akicheza, akiimba, akilia. Wakanimwagia kopo zima. Nikamshika mkono Mama Adèle nikamwuliza sikioni, "Na wewe?"

"Mutoto amepita, Prof!" akapaza sauti. "Grâce amepita!" Majirani wakamvuta, ngoma ikamchukua, wakaondoka.

Nikabaki uani nimejaa poda na wasiwasi. Mnaelewa shida yangu? Kwetu mama wa aliyepita anamwagiwa poda sawasawa na mtoto. Mtu akimwona Mama Adèle barabarani hamwulizi kitu, anaongeza poda. Mji mzima ulikuwa umemshangilia, na zaidi yangu hakuna hata mmoja aliyemwuliza matokeo yake mwenyewe. Na mimi kanuni yangu ilikuwa rahisi: anayekuja amepita, asiyekuja nimwendee. Huyu alikuja. Alikuja kama nani?

Asubuhi yake nilimweleza Véronique nikifunga viatu.

"Alikuya," akasema mke wangu. "Mwenye kukuya haumuendee."

"Alikuja kama mama."

Véronique akafikiri, akanipa kofia. "Basi enda uulize munafunzi."

Nilipita kwanza kwa wawili ambao hawakuja, nikaomba maji, nikakaa. Kisha nikaenda sokoni. Mama Adèle alikuwa mezani pake, samaki wamepangwa, uso umeoshwa, lakini nyuma ya masikio poda ilibaki. Aliponiona bila poda, na viatu vyangu vina vumbi, alielewa. Wanafunzi wangu wote walijua viatu vya siku ya pili.

"Prof, ulikuya kuomba mayi?"

"Sijui bado," nikasema. "Umetuma namba yako?"

Akanionyesha simu. Ujumbe ulikuwa umeandikwa tayari, namba yake kamili, haujatumwa. Ulikuwa hivyo tangu jana asubuhi.

"Jana ilikuwa ya Grâce," akasema taratibu. "Kama yangu iko mubaya, nitacheza namna gani? Atauona uso yangu, furaha yake itakufa. Nikasema ngoja. Na leo..." Akaiweka simu juu ya samaki. "Leo niko na woga, Prof. Nikituma na haikurudia muzuri, imekwisha. Kama situme, mpira iko bado hewani."

Niliumia kumsikia. Nilitaka kusema maneno makubwa ya mwalimu, nikakumbuka Madame Numbi. Nikavuta kreti tupu nikaketi. Tukakaa hivyo, tukiwatazama wapita njia. Mwishowe akaichukua simu, akafumba macho, akabonyeza.

Mtandao, mnaujua. Hakuna kilichorudi. Badala yake akaja mteja, mama mmoja mnene mwenye kapu, akaanza kugeuza samaki mmoja mmoja na kulalamika.

"Hii inakauka sana. Na hii kichwa iko wapi? Unanipa bei gani, na matabishi?" Matabishi ni kile cha nyongeza ambacho hapa kwetu hakuna mtu anayeondoka bila kukidai.

Simu ikatetemeka katikati ya samaki. Mama Adèle akainyakua, akaigeuza huku na huku bila kuthubutu kusoma. Akanipa mimi. Mimi nilikuwa nimesahau miwani nyumbani. Nikaisogeza, nikaiondoa, nikaisogeza tena.

"Bazee, mulete hapa!" mteja akasema kwa hasira, akaninyang'anya. "Munanichelewesha." Akasoma. Akamtazama Mama Adèle, akatazama tena simu. "Mama, hii jina ni yako? Iko 'réussite'! Ee bantu ba hapa, kuyeni! Mama wa samaki iko na diplôme!"

Kelele aliyoipiga yule mama, sijaisikia tena. Mama Adèle aliketi chini, katikati ya njia, akajishika kichwa na mikono miwili, akalia kwa sauti, na mimi nililia pia, sioni aibu kuandika. Poda haikuwepo sokoni, ilikuwa imekwisha yote jana. Lakini mstari wa nyuma waliuza unga wa mahindi. Nilipoinua macho nikaona akina mama wanakuja, kila mmoja na sahani yake ya unga, na hawakubagua mwanafunzi na mwalimu. Yule mteja naye alipata fungu lake la kichwani, akapewa samaki wote aliowashikashika, na bado akauliza matabishi yako wapi.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, mweupe kwa mara ya pili, watu wakishangaa kwamba mwaka huu poda inaendelea. Véronique alinipokea mlangoni, akaninusa bega.

"Poudre gani hii inanuka bukari?"

Bukari ni ugali wetu wa hapa, na tulicheka hadi tukakaa chini.

Mengine mnayajua. Mama Adèle alifika chuoni, akamaliza, akarudi shuleni kwetu upande wa pili wa ubao, na ninyi mnamwita Madame. Nilipostaafu nilimwachia mpira na kamusi. Kamusi sasa inaanzia E, mchwa hawastaafu.

Mwaka huu, siku ya matokeo, nilijikuta nimetoa kiti uani na nimevaa lile shati. "Unangojea nani?" Véronique akaniuliza. "Hauna batoto mwaka huu." Nikamwambia napunga upepo. Ilikuwa kweli kwamba sikuwa na mwanafunzi hata mmoja, na moyo ulinilemea kidogo kwa hilo.

Saa sita ikapita. Kisha vigelegele. Wakaingia vijana ambao sikumjua hata mmoja wao, weupe wote, na msichana wa mbele akiwa na kopo.

"Prof, siye twiko batoto ba Madame Adèle. Alisema mbele ya kuenda kwake, tupite kwanza kwa mwalimu wake."

Wakanimwagia. Madame Adèle mwenyewe hakuja, alikuwa kwake uani, mlango wazi, kama inavyotakiwa.

Kesho yake asubuhi na mapema mlango ukabishwa. Madame Adèle alikuwa amesimama pale, nywele zimeoshwa, hana poda hata nyuma ya masikio, miguuni viatu vya kutembelea.

"Prof, kuko bengine habakukuya. Mumoja anaikala mbali, kule nyuma ya mine ya shaba, na njia sijue muzuri. Tuende?"

Nikageuka kutafuta viatu vyangu. Véronique alikuwa ameshavileta.